Nota Nne za Kuwaingiza Njiwa Bandani

Barnsley
Jumapili, 20 Julai 1975

Mdogo wangu Selwyn,

Jana Jumamosi, tarehe 19 Julai, saa tano na dakika ishirini asubuhi, Baba alipoteza mashindano ya njiwa ya Peterborough, na aliyempotezea ni wewe. Nimelitanguliza hilo ili usije ukaniambia baadaye kwamba barua ilikuwa ndefu, hukufika chini.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Baba kifua kinambana kama kawaida yake. Karakana yangu ya mapazia imefikisha cherehani kumi na moja, na ujue nilianza na moja iliyokosa pedali. Bi. Clegg jirani anakusalimu, goti limemvimba tena.

Haya. Wale njiwa wetu wachanga kumi na wawili, walioanguliwa Februari ukiwa hapa, walifunguliwa Peterborough saa tatu kamili. Maili themanini. Saa nne na dakika hamsini na saba namwona 417, yule jike wa buluu tunayemwita kwa namba ya pete yake, anakuja peke yake angani, hakuna mwingine mbele wala nyuma. Baba akasimama kwenye kiti. Mzee wa miaka sabini na mmoja, kwenye kiti cha jikoni! 417 akatua juu ya paa la banda. Akakaa hapo.

Unajua, hata kama umesahau kwa kuishi na wanamuziki, kwamba njiwa aliye juu ya paa hajafika. Lazima aingie bandani, avuliwe pete ya mpira mguuni, pete itumbukizwe kwenye saa ya mashindano, saa ipigwe. Baba akatingisha kopo la mahindi. "Njoo mama, njoo." 417 akamtazama kama tunavyomtazama wakala wa bima. Dakika ishirini na tatu! Wenzake wakaja mmoja mmoja, wakapanga mstari pale juu, wote wanatutazama. Percy Ogden, ambaye banda lake liko yadi arobaini kutoka letu na ambaye njiwa wake alifika dakika sita nyuma ya 417, ndiye mshindi. Na mdomo wake unaujua.

"Enoch," akamwita Baba kutoka kwenye ua, "wako wanasubiri nini, chai?"

Bi. Clegg ndiye aliyetufumbua macho. "Hao hawalijui kopo," akasema. "Selwyn alikuwa anawaita kwa gitaa. Kila siku saa kumi na moja jioni. Teng, teng, teeeng, teng, halafu anawamwagia chakula. Mimi nilidhani mmekubaliana."

Hatukukubaliana, Selwyn. Ulipoacha bendi ya Sungura wa Shaba mwezi wa Januari, bendi ambayo hata kasisi wetu anaijua, ulikuja hapa na sanduku moja na gitaa, nikakupa chumba kile kilichoshikana na banda. Nilikuomba kazi moja tu, kulisha njiwa. Miezi minne. Kisha Mei ukaondoka bila kuaga, na sasa nina njiwa kumi na wawili wanaosubiri muziki wa bluzi.

Tumejaribu kila njia. Nimeimba mimi kwa mdomo. Bi. Clegg amepiga kinanda madirisha wazi. Horace Tingle wa bendi ya tarumbeta ya wachimba makaa alikuja na tarumbeta yake, akazipuliza nota nne zilezile, vizuri tu, na njiwa wote wakaruka kuelekea Wakefield. Walirudi baada ya saa mbili.

Nirekodie nota hizo nne kwenye kaseti uitume. Si zaidi ya nne.

Dada yako,
Noreen

—

Morecambe
28 Julai 1975

Dada Noreen,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye bahari, ingawa bahari yenyewe imeondoka tangu asubuhi na mwenye nyumba anasema itarudi jioni. Mimi ni mzima. Mpe Bi. Clegg pole ya goti. Hongera kwa cherehani.

Ziara inakwenda vizuri mno. Kundi langu jipya linaitwa Haigh na Ngurumo, tuko watano, na ninakuhakikishia kwamba kutoka kwenye ile bendi ndilo jambo pekee la akili nililowahi kufanya. Juzi watu walisimama tangu mwanzo hadi mwisho. Mwandishi wa gazeti la hapa ameandika kwamba hajawahi kusikia kitu kama kile na hatarajii kusikia kingine.

Kuhusu njiwa, uliniambia niwalishe, hukuniambia nitumie kopo. Mtu mwenye gitaa mkononi atatingisha kopo? Zile nota nne ndizo zinazofungua ule wimbo wetu mkubwa, na unajua kwa nini nilitoka. Bwana Lomax, yule meneja, alitaka baada ya zile nne nipige sekunde arobaini na mbili kama zilivyo kwenye sahani ya santuri, kila usiku, mji baada ya mji, bila kubadilisha hata kukohoa. Nilimwambia mimi si cherehani. (Usichukie.)

Kaseti nimeifunga humu. Nimeirekodi jana usiku, na nadhani ni kazi yangu bora ya mwaka huu.

Je, Baba ananitaja?

Selwyn

—

Barnsley
Jumapili, 10 Agosti 1975

Mdogo wangu Selwyn,

Hatujambo. Goti la Bi. Clegg limepungua. Mmoja wa mafundi wangu ameposwa na mwenye duka la samaki na chipsi, kwa hiyo karakana nzima inanuka siki.

Kaseti imefika. Niliomba nota nne. Umeleta dakika kumi na moja na sekunde arobaini. Nimezipima kwa saa ya mashindano, na hiyo haikosei.

Sikuwa na nafasi ya kuijaribu mapema kwa sababu wewe ulichelewa kuituma. Basi jana, mashindano ya Hatfield, 417 anafika wa kwanza tena. Anatua juu ya paa. Nabonyeza redio kaseti. Badala ya nota nne, kikatoka kitu kama mtu anayetafuta funguo gizani. Dakika ya nne njiwa wawili walikuwa wamelala. Dakika ya saba Ogden alikuja kwenye ua na kiti chake.

"Huyo Selwyn anapanda au anashuka?" akaniuliza.

"Bado anazunguka," nikamwambia. Ningesema nini?

Nota nne zilikuja mwishoni kabisa. Wakaingia wote kumi na wawili kwa kasi ya ajabu, na mmoja wa Ogden pia, nadhani kwa uchovu. Tumekuwa wa arobaini na moja.

Na kuhusu ziara. Ukumbi ule wa Morecambe niliushonea mapazia mwaka juzi. Hauna viti, Selwyn. Watu walisimama kwa sababu hapana pa kukaa. Nimepiga simu, walikuwa thelathini na mmoja, wanne kati yao wapishi. Sikuandikii ili nikuaibishe. Nakuandikia ili ujue kwamba mimi nahesabu.

Umeuliza kama Baba anakutaja. Baba anasema mfereji wa paa umeziba.

Kuna jambo jingine. Daktari amesema vumbi la njiwa juu ya vumbi la makaa lililomo kifuani tangu mgodini ni mwisho. Baba auze njiwa wote kabla ya Oktoba, banda livunjwe. Baba hakubisha, na hapo ndipo nilipoogopa. Mashindano yake ya mwisho ni Folkestone, Jumamosi tarehe 6 Septemba, maili mia moja na tisini. Ameshindania Folkestone miaka thelathini na mmoja. Mara nne amekuwa wa pili. Hajawahi kushika kombe lile hata kulifuta vumbi. Mwaka huu ana 417, ambaye ni mwepesi kuliko njiwa yeyote aliyewahi kuruka katika mtaa huu, na ambaye haingii ndani.

Nota nne. Hesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kidole gumba usikitumie.

Noreen

—

Skegness
19 Agosti 1975

Dada Noreen,

Natumaini nyote wazima. Mimi mafua kidogo. Pole ya siki.

Habari ya Baba imenikata maini. Sikujua. Ngoja nikueleze ya huku.

Haigh na Ngurumo sasa tuko watatu. Tumepunguza watu ili sauti ipumue. Jumamosi tulipiga kwenye klabu ya wafanyakazi, ukumbi umejaa, mia mbili na zaidi (hesabu utakavyo), na nikaingia kwenye solo ambayo sijawahi kuifikia maishani. Macho nimefumba. Nilikuwa napanda, Noreen, nilikuwa nimebakiza hatua moja nifike, ndipo nikahisi mkono begani. Katibu wa burudani, Bwana Sugden, na kipaza sauti chake.

"Samahani, kijana. Mabibi na mabwana, pai zimefika."

Ukumbi mzima ukanyanyuka, na mpiga besi wangu pia. Waliporudi na pai zao, mama mmoja wa mbele aliniuliza kwa huruma, "Bado uko kwenye uleule, mwanangu?"

Jambo la pili. Lomax ananitafuta. Kijana waliyemweka mahali pangu amevunjika kidole kwa kufunga mlango wa gari, na Sungura wa Shaba wana onyesho kubwa London, uwanjani, watu elfu themanini. Wanataka nirudi, kwa usiku ule na kwa daima. Sekunde arobaini na mbili, kama kwenye sahani. Tarehe yenyewe ni 6 Septemba. Natakiwa pale tangu asubuhi. Sijamjibu.

Kaseti ya pili hii hapa. Nota nne tupu. Nimezirudia mara tisa, kwa sababu ile ya tatu haikubali kukaa mahali pake, kila mara nataka kuivuta kidogo. Lakini sikuivuta. Mpe Baba pole. Au usimpe, kama ataona haya.

Selwyn

—

Barnsley
Jumapili, 24 Agosti 1975

Mdogo wangu,

Salamu. Baba yuleyule. Horace Tingle ametuletea kitunguu kikubwa kama kichwa cha mtoto, ili tusimlaumu kwa Wakefield.

Kaseti ya pili tumeijaribu nyumbani, si siku ya mashindano, kwa kuwa sasa nimekuwa na adabu. Nota nne, sekunde mbili nukta nane. Nilifurahi hadi nikapiga makofi. Njiwa walikuwa juu ya paa. Nikabonyeza. Wakageuka wote kumi na wawili, wakatuonyesha mikia.

Nikaipiga tena. Mikia. Mara sita, Selwyn. Nikaweka ile kaseti ya kwanza, nikaisogeza hadi dakika ya kumi na moja, nikaipiga kutoka hapo, wakaingia wote. Lakini kwa kuisogeza mbele na nyuma ule utepe ukakatika, na sasa ninao mita kumi na nne wa wewe sakafuni.

Nilikuwa nimechuchumaa nikiuokota ndipo Baba aliposema kutoka kwenye kiti chake: "Hilo si gitaa lake."

"Lipi?"

"Hilo la pili. Gitaa lake lina kukwaruza pale chini. Hili limesafishwa kama sahani."

Mimi nilijua Baba hajui muziki. Nilijua ndiye aliyetaka nikupe chumba cha banda kwa sababu ya kelele. Sasa nataka kujua alikuwa akikaa wapi kila jioni saa kumi na moja hata akajua gitaa lako linavyokwaruza. Sikumuuliza. Bi. Clegg anasema kile kiti cha jikoni kilikuwa nje ya mlango wa banda tangu Februari hadi Mei.

Ile picha ya gazeti uliyotuma pamoja na kaseti nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Umesimama nyuma ya mpiga ngoma. Mpiga gitaa gani husimama nyuma ya ngoma? Unaficha ulichoshika.

Swali langu ni moja. Gitaa lako liko wapi?

Noreen

—

(Kadi ya posta, upande wa pili picha ya punda ufukweni)

Cleethorpes
28 Agosti 1975

Dada, barua nimepata. Hali ya hewa nzuri, upepo kidogo. Nimefurahi kusikia habari za kitunguu. Trevor, mpiga ngoma wangu ambaye pia ndiye dereva, amepata kazi kiwanda cha biskuti, anaanza kesho. Sauti sasa inapumua kabisa. Nitakuwa hapa, nyumba ya Bi. Thirkell, hadi Jumatano. Punda hawa ni wapole. S.

—

Barnsley
Jumatatu, 1 Septemba 1975

Selwyn,

Salamu nitazifupisha. Wazima.

Kwa kuwa hukunijibu, nimejijibu mwenyewe. Jumatano iliyopita, hata kadi yako ya punda hujaiandika, simu ya karakana ililia, na aliyekuwa upande wa pili ni Lomax anakutafuta.

"Mwambie gitaa lake linamsubiri," akasema.

"Gitaa lake liko kwako?"

"La kampuni, mama. Ukurasa wa kumi na nne wa mkataba. Tulilichukua Mei, kwa utaratibu mzuri tu."

Jioni nikamuuliza Baba. Akamenya kiazi kizima. Kisha akasema, "Walikuja wawili ukiwa kazini. Mmoja alikuwa na viatu vyeupe. Kijana aliwapa bila neno." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. "Hakutaka nimwone," akasema, "basi sikumwona." Ndiyo maana uliondoka bila kuaga, na ile kaseti ya kwanza, uliyosema umeirekodi jana usiku, kumbe uliirekodi hapa bandani kabla ya Mei. Mmekaa na jambo moja miezi mitatu, kila mmoja akimfichia mwenzake anachokijua mwenzake, na mimi katikati nahangaika na tarumbeta.

Alhamisi nilipanda treni ya saa kumi na mbili asubuhi kwenda London. Lomax alinipokea ukumbini kwao, mahali wanapofanyia mazoezi, na alidhani nimekuja kulia. Mimi nilikuwa natazama pazia la onyesho lao, walilolitundika pale kulijaribu. Nikamwambia, "Bwana Lomax, pazia lako limepungua futi mbili na nusu upande wa kushoto. Watu elfu themanini wataona miguu ya mafundi wako wakila mikate."

"Hakuna mtu anayetazama huko," akasema.

"Nimelitazama mimi tangu niingie. Pima."

Akacheka. Kisha akaita mtu wa kupima. Zilikuwa futi mbili na inchi saba. Hapo hakucheka tena, maana hakuna fundi London ambaye angemshonea yadi themanini za mahameli nyeusi ndani ya siku nne. Mimi ninao kumi na mmoja. Nilimwambia sitaki hela yake. Nataka gitaa, na karatasi yenye sahihi kwamba ni la Selwyn Haigh leo na kesho, na ukurasa wa kumi na nne umechanwa mbele ya macho yangu. Aliuchana. Wasichana wangu wameshona Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, aliyeposwa akiwemo, na pazia limeondoka leo saa nne asubuhi.

Gitaa liko juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, nimelifunika shuka. Sijaligusa nyuzi. Njiwa wanapita juu ya paa la karakana kila asubuhi, na leo 417 alitua dirishani akalitazama.

Sasa nikuambie nisichopenda kukuambia. Lomax amesema nafasi yako ipo mpaka Alhamisi saa sita mchana, baada ya hapo atamchukua mtu mwingine na hatakuita tena. Alisema kwa upole, na nadhani ni kweli. Ukiamua kwenda London, gitaa nitakupelekea mwenyewe, sitalizuia. Nililichukua liwe lako, sikulichukua liwe kamba ya kukufungia hapa. Watu elfu themanini ni watu elfu themanini, na mimi nahesabu kuliko mtu yeyote katika ukoo huu.

Najua pia ninachokuomba. Ni kitu kilekile ulichokikataa kwa Lomax: kupiga kilekile, kama kilivyokuwa, bila kukivuta. Nimelifikiria hilo kwenye treni kutoka London hadi Doncaster, na jibu nililopata ni hili tu, kwamba njiwa hawa hawatakuomba tena kesho. Kesho hawatakuwepo. Banda litavunjwa tarehe 27, seremala nimeshampata.

Utaratibu ni huu. Njiwa wanatiwa kwenye vikapu Ijumaa saa moja jioni klabuni. Jumamosi wanafunguliwa Folkestone saa mbili asubuhi. Upepo ukiwa wa kusini, 417 atakuwa juu ya paa letu kati ya saa sita na dakika ishirini na saa sita na dakika hamsini. Ogden ameshanunua shati jipya. Mimi sitampeleka njiwa yule akaruke maili mia moja na tisini halafu akae juu ya paa anamtazama Baba. Mara mbili zinatosha. Kama huji, Ijumaa kikapu chetu kitabaki tupu, na Baba nitamwambia mimi.

Nipigie karakana Alhamisi, tarehe 4, kabla ya saa sita mchana. Kuanzia saa tano nitazima cherehani zote kumi na moja ili nisikie simu. Usinieleze hali ya hewa. Usinieleze punda. Nataka neno moja: Jumamosi saa sita mchana utakuwa nyuma ya nyumba ya Baba na gitaa begani, upige nota nne kisha unyamaze, ndiyo au hapana?

Noreen